Mnunuzi Aje Mvua Ikinyesha

Broka anayefanya kazi kati ya Londiani na mji wa Kericho humshauri mwenye nyumba awaite wanunuzi saa nne asubuhi, jua likiwa limechangamka, barabara ya marram imekauka na mabati yanametameta. Ushauri huo unalifaa gari la mnunuzi kuliko unavyomfaa muuzaji. Anayekuja kutazama nyumba Kedowa aghalabu ni mtu wa ukanda huu huu wa majani chai: mwalimu kutoka Chepseon, mstaafu aliyeishi miaka mingi kwenye nyumba za kampuni ya chai, au kaka wa mtu aliye Marekani, aliyetumwa akatazame kwa niaba ya ndugu yake. Wote wanajua kwamba mvua ya huku hupenda kuja mchana, na kwamba nyumba iliyokuwa kavu saa nne inaweza kuwa na ndoo tatu sebuleni ikifika saa kumi. Wakioneshwa asubuhi peke yake, watapita tena mchana bila kubisha hodi.

Basi muuzaji mwerevu huiandaa nyumba yake kwa ajili ya mchana wa mvua, kisha akamwita mnunuzi wakati huohuo. Nyumba ikistahimili hapo, maneno ya kuipigia debe hayahitajiki tena.

Kedowa ni kituo cha biashara kando ya barabara kuu ya Nakuru–Kericho, katika Kipkelion Mashariki, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kaunti ya Kericho hupata mvua ya takriban milimita 1,400 hadi 2,100 kwa mwaka, na nyanda hizi pamoja na jirani zake wa Nandi Hills zinajulikana duniani kote kwa mvua ya mawe. Ndiyo sababu mnunuzi wa hapa huanza kutazama juu kabla hajauliza jikoni ni wapi.

Kazi ya kwanza, kwa hiyo, ni paa. Mwenye nyumba aingie darini saa sita mchana, afunge mwanya wa kuingilia, akae gizani kidogo. Kila tundu litajionyesha lenyewe kwa nuru. Mara nyingi bati lenyewe halina kosa. Kosa liko kwenye misumari. Raba iliyo chini ya kichwa cha msumari hukauka kwa jua na baridi, ikapasuka, na maji yakapata njia. Kubadilisha misumari na raba zake ni kazi ya siku moja ya fundi, na ni nafuu kuliko karibu kila kitu kingine kitakachotajwa hapa. Mabati yaliyoshika kutu mpaka yakawa laini yaondolewe. Kuyapaka rangi ni kujidanganya, kwa kuwa mnunuzi atayagonga kwa kifundo cha kidole na sauti itamwambia. Atauliza pia geji. Geji 28 ni nene kuliko geji 30, na 30 ni nene kuliko 32: namba ikipanda, bati linapungua unene. Mahali panapopigwa na mvua ya mawe, jibu la swali hilo lina thamani ya pesa, na risiti ya duka la vifaa ikiwepo iwekwe tayari.

Nyumba chache za zamani bado zina paa la asbesto. Kenya ilipiga marufuku asbesto mwaka 2006, na kuiondoa kunafuata masharti ya NEMA, mamlaka ya mazingira, kwani vumbi lake huharibu mapafu. Muuzaji asimpandishe kijana yeyote juu na nyundo akaanze kulivunja. Ni afadhali amwambie mnunuzi ukweli na bei ionyeshe gharama ya kuliondoa kwa utaratibu.

Kutoka kwenye paa maji huenda kwenye gata, na hapa wauzaji wengi hupoteza nafasi nzuri. Paa lenye ukubwa wa mita za mraba 100 hupokea lita 100 kwa kila milimita moja ya mvua. Mvua ya mchana mmoja ya milimita 20 ni lita 2,000, ukiondoa kidogo kinachopotea njiani. Tangi la lita 5,000 lililounganishwa vizuri linaweza kujaa ndani ya siku chache za Aprili. Mnunuzi akikuta gata zimeziba kwa majani ya saipras na tangi limepasuka, haoni tangi. Anaona mke wake au watoto wake wakibeba madumu kutoka kwenye chemchemi. Gata zisafishwe, viungo vizibwe, tangi lioshwe, na siku ya kuoneshwa nyumba bomba lake lifunguliwe mbele ya mgeni.

Halafu kuta.

Unyevu wa ukutani una njia mbili: hutoka juu, pale paa linapovuja, au hupanda kutoka chini, pale maji ya mvua yanapodunda na kutuama karibu na msingi. Wa juu umekwisha kushughulikiwa. Wa chini unadai kibaraza cha simiti kuzunguka nyumba, chenye mteremko wa kuyapeleka maji mbali, pamoja na mtaro mdogo unaofika mpaka bondeni. Baada ya hapo ukuta uachwe ukauke, na hili ndilo jambo linalowashinda watu wenye haraka. Lipu iliyoloa ikipakwa rangi huvimba malengelenge ndani ya wiki chache, na mnunuzi anayerudi mara ya pili akiona malengelenge mapya juu ya rangi mpya, haamini tena neno lolote, hata lile la kweli. Kwa ratiba ya hali ya hewa ya huku, maana yake ni kwamba ukarabati wa kuta ufanywe kati ya Desemba na Februari, miezi iliyo mikavu kidogo. Anayeanza kupaka Aprili anapaka bure.

Kuvu jeusi kwenye pembe za chumba huondolewa kwa maji yenye jiki, madirisha yakiwa wazi na glavu mkononi. Jiki isichanganywe na siki wala na dawa ya choo yenye asidi. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na watu wameishia hospitalini kwa sababu ya usafi.

Moshi ni habari nyingine kabisa. Katika nyumba nyingi za Kedowa jiko la kuni liko pembeni, kwenye kibanda chake, lakini usiku wa Julai baridi ikiuma familia huleta makaa ndani. Masizi hujishika kwenye silingi na juu ya milango. Kuyafunika kwa rangi ya maji hakusaidii: baada ya muda mfupi doa la manjano hupenya na kurudi juu. Kwanza yaoshwe kwa maji moto na sabuni, ukuta ukauke, ndipo ipakwe rangi ya mafuta ya kuziba, na ile ya kumalizia ije juu yake. Jiko la nje lenyewe lisibomolewe. Wako wauzaji wanaoliona kuwa la kishamba na kulivunja wiki moja kabla ya mnunuzi kufika, kumbe mama mkwe wa mnunuzi alikuwa akilitafuta hilohilo, mahali pa kufukizia vibuyu vya maziwa ya mursik bila kuijaza nyumba moshi. Lifagiliwe, kuni zipangwe, basi.

Kwenye nyumba za mbao upo mtindo wa kupaka oili chafu ya injini ili kuzuia wadudu. Inazuia, lakini inanuka, inachafua nguo za anayeegemea, na inaweza kuwaka moto. Ikiwa ubao utapakwa upya kwa ajili ya mauzo, vanishi au dawa halisi ya mbao ina thamani ya gharama yake.

Ndani ya nyumba kazi ni nyepesi zaidi. Biashara ya kupamba nyumba kwa ajili ya wanunuzi ilipata jina lake Marekani katika miaka ya 1970, kwa juhudi za mwanamke wa Seattle aitwaye Barb Schwarz, na tangu hapo magazeti yamejaa ushauri wa kuoka mkate ili nyumba inukie. Kedowa haihitaji mkate. Sebule ya hapa inahitaji kupunguziwa vitu: makochi saba yenye vitambaa vya kufuma, meza tatu ndogo, kabati la ukutani lenye vyombo ambavyo havijawahi kutumika, na kalenda tano, tatu kati yake zikiwa za wanasiasa waliokwisha kushindwa. Nusu ya makochi ihamishiwe kwa jirani. Kalenda za siasa ziondolewe zote, maana mnunuzi hajulikani ni wa upande gani. Picha za mahafali za watoto zinaweza kubaki moja au mbili. Zinaonyesha nyumba ililea watu, na huo si uongo. Mapazia yafunguliwe, vioo vioshwe kwa gazeti, na balbu zilizoungua zibadilishwe, kwa sababu mchana wa mawingu wa Kedowa ni wa giza kuliko mtu wa Nairobi anavyodhani. Swichi na soketi zijaribiwe moja moja. Na tokeni za stima ziwepo! Hakuna aibu kama mita kuanza kulia mgeni akiwa ameshika mlango wa chumba cha kulala.

Nje, njia ya kutoka getini hadi mlangoni imwagwe kokoto. Viatu vya mnunuzi vikizama topeni, moyo wake umeshashuka kabla hajafika barazani. Choo cha shimo kioshwe na mlango wake ufungike. Kama kuna tangi la maji taka, muuzaji ajue lilinyonywa lini. Boma la ng'ombe liondolewe mbolea, ipelekwe shambani au iuzwe.

Nyumba nyingi za huku huuzwa pamoja na kipande cha shamba chenye majani chai, na hapo mambo hubadilika kidogo. Shamba lililochumwa kwa zamu yake, kila wiki moja au mbili, huwa na sura tambarare ya kijani kibichi. Lililoachwa huota matawi marefu yaliyokomaa, na mkulima atasoma uzembe huo kabla ya kuingia ndani. Muuzaji asiache kuchuma ati kwa sababu anahama. Vilevile atayarishe maelezo ya namba yake ya mkulima kiwandani, na utaratibu wa kumwandikisha mnunuzi. Kisha kuna bonasi. Mwaka wa hesabu wa KTDA, shirika la wakulima wa chai, huisha Juni 30, na malipo ya pili, yale wakulima wanayoyaita bonasi, kwa kawaida hutoka karibu na Oktoba kwa majani yaliyopelekwa kabla ya hapo. Anayeuza Agosti bila kuandika bonasi ni ya nani, ameandika ugomvi wa Oktoba. Msimu wa bonasi una faida yake: Oktoba na Novemba ndipo pesa zinapokuwepo mikononi mwa watu wa huku. Januari zimeshakwenda karo.

Sasa yale ambayo rangi haiyagusi. Makaburi ni ya kwanza. Katika maboma mengi wazee wamezikwa pembeni mwa shamba, na kuna wauzaji wanaolima juu yake au kupanda ndizi ili mnunuzi asione. Jirani atamwambia, tena siku ileile. Ni bora ukoo ukae, uamue kama eneo hilo litakatwa na kubaki la familia, kama watapewa ruhusa ya kuingia, au kama mnunuzi atalipokea lilivyo, na makubaliano yaandikwe kwenye mkataba.

Mipaka ifuate. Majirani waitwe, watembee pamoja na mwenye nyumba kwenye ua, na pale jiwe la mpaka lisipoonekana, mpimaji mwenye leseni alitafute. Kwa ploti za karibu na kituo, mnunuzi atauliza kama nyumba imeingia kwenye hifadhi ya barabara kuu iliyo chini ya KeNHA, au kwenye ardhi ya reli ile ya Nakuru–Kisumu iliyofika ziwani mwaka 1901. Alama ya X nyekundu ya ubomoaji ukutani haifutwi na rangi. Kuhusu vipimo, muuzaji awe mwangalifu na ulimi: ploti ya futi hamsini kwa mia ina futi za mraba 5,000, ilhali moja ya nane ya ekari ni futi 5,445. Watu huzitaja kana kwamba ni kitu kimoja, na tofauti ni zaidi ya chumba kizima.

Hatimiliki yenyewe ioneshwe kwa nakala. Ile halisi haipewi broka, wala haipigwi picha na kutumwa kwenye makundi ya WhatsApp. Muuzaji afanye sachi yake mwenyewe katika ofisi ya ardhi kabla ya kumkaribisha mtu, kwa kuwa humo ndimo yanamolala mambo yaliyosahaulika: mkopo wa zamani ambao haukufutwa, zuio la mahakama, au, kwa mashamba yaliyotokana na skimu za makazi baada ya uhuru, deni la wadhamini wa mfuko wa makazi ambalo babu alilipa lakini hakuna aliyeandikisha. Kuyafuta huchukua muda, na mnunuzi mwenye pesa hasubiri.

Historia ya ploti nayo ina uzito zaidi kuliko zamani. Aprili 2023, katika kesi ya Dina Management dhidi ya serikali ya kaunti ya Mombasa, Mahakama ya Juu iliamua kwamba hatimiliki iliyotokana na ugawaji usiofuata sheria haimkingi hata mtu aliyeinunua baadaye. Septemba mwaka huohuo, katika kesi ya Torino Enterprises, ikasema barua ya ugawaji peke yake si umiliki unaoweza kuuzwa. Wenye ploti za sokoni wanaoshikilia barua za baraza la zamani wazisome hukumu hizo pamoja na wakili. Tena Kipkelion na Londiani ziliguswa na ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, familia zikahama, hivyo mnunuzi makini huuliza ardhi ilipita mikononi mwa nani na lini. Swali hilo lisichukuliwe kuwa matusi. Lijibiwe kwa karatasi.

Na watu wenyewe wa nyumbani? Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 hairuhusu nyumba ya ndoa kuuzwa bila ridhaa ya mume na mke. Shamba la kilimo linahitaji idhini ya bodi ya ardhi chini ya Sura ya 302 ya sheria za Kenya, na maombi yapelekwe ndani ya miezi sita tangu mkataba kutiwa saini. Bila idhini, mauzo ni batili. Kwa desturi wanabodi hutaka kumwona mwenzi wa muuzaji, wakati mwingine na watoto wakubwa. Kama hatimiliki bado ina jina la marehemu baba, hakuna cha kuuza mpaka mahakama ithibitishe hati ya urithi, na maandalizi yote ya mabati na rangi yasubiri. Kumleta mnunuzi katika boma ambalo ndugu wawili hawajakubaliana ni kumwonyesha vita, si nyumba.

Siku yenyewe ikifika, aongee mtu mmoja. Mbwa afungwe. Watoto wapelekwe kwa shangazi, isipokuwa mmoja wa kuleta chai, kwa sababu mgeni kuondoka Kedowa bila chai ya maziwa si jambo linalowezekana. Mzee au mama wa boma amsalimu, amkalishe, kisha amwache azunguke. Kumfuata mtu chumba hadi chumba ukisifu kila dirisha kunamfanya ahisi kuna kinachofichwa. Akiuliza kasoro, aambiwe: mlango wa nyuma unakwama wakati wa mvua, bomba la bafu lina msukumo mdogo. Kasoro mbili ndogo zilizosemwa wazi hununua imani ya mambo makubwa. Kwa mnunuzi aliye ng'ambo, video ipigwe mvua ikinyesha kweli, bila muziki, kamera ikipita silingi ya kila chumba, gata, tangi na njia ya getini.

Bei iandaliwe kabla ya swali. Mnunuzi anayekopa kwa benki au kwa Sacco, kama Imarisha ya Kericho ambayo ni mmoja wa wanahisa wa KMRC, kampuni inayowapa wakopeshaji pesa za mikopo ya nyumba, ataletewa mthamini aliyesajiliwa, na mthamini hajali kumbukumbu za familia. Muuzaji apige hesabu ya kodi pia. Kodi ya faida ya mtaji ni asilimia 15 tangu Januari 2023, lakini nyumba ambayo mwenyewe ameishi mfululizo miaka mitatu kabla ya kuihamisha imesamehewa. Ushahidi wa kuishi humo, kama bili za stima za miaka hiyo, usitupwe wakati wa kufagia kabati. Ushuru wa stempu hulipwa na mnunuzi, asilimia 2 vijijini na 4 ndani ya manispaa, na ni vizuri aelezwe mapema ili asije akaukata kwenye bei.

Wakipatana, mkataba uandikwe na usainiwe mbele ya shahidi. Ahadi ya mdomo kuhusu ardhi haina nguvu mahakamani. Malipo ya awali kwa kawaida ni asilimia 10, yakae kwa wakili. Mpaka uhamisho usajiliwe katika ofisi ya ardhi muuzaji bado ndiye mwenye nyumba: aendelee kusafisha gata, kuchuma majani, kulipia stima. Siku ya kukabidhi funguo wasome mita pamoja, waandike namba, na akaunti ya stima ibadilishwe jina wiki hiyohiyo, kabla bili ya mtu mmoja haijamfuata mwingine.